Roboti Mwema Ukingoni mwa Shimo

Mwaka 2014, katika maabara ya roboti mjini Bristol, Uingereza, Profesa Alan Winfield na wenzake waliijaribu kanuni aliyoibuni mwandishi Isaac Asimov katika hadithi ya mwaka 1942: roboti asimdhuru binadamu, wala asikae akitazama tu binadamu akidhurika. Binadamu wenyewe hawakualikwa. Nafasi yao ilishikwa na roboti wengine wadogo, waliojiendea zao kuelekea shimoni bila habari.

Mhanga alipokuwa mmoja, roboti mwokozi alijitahidi: alimwahi, akamkingama, akamgeuza njia. Walipoletwa wawili kwa mpigo, mambo yakaharibika. Safari nyingine aliokoa mmoja, na mara chache wote. Lakini katika majaribio 14 kati ya 33 alisitasita, huku aende na kule aende, hadi wote wawili wakatumbukia. Kasi hiyo tume nyingi za uchunguzi zingeionea wivu.

Winfield mwenyewe alimwita roboti huyo zombi wa maadili: anatenda wema bila kujua kwa nini. Wapo waheshimiwa wa namna hiyo, ila wao hudai posho.

Baadaye Winfield, pamoja na mtafiti mwenzake Dieter Vanderelst, alionyesha kwamba roboti aliyeundwa kumsaidia mtu abahatishe mpira uko chini ya kikombe kipi anaweza kugeuzwa laghai kwa kubadili kipande kidogo tu cha programu. Binadamu, angalau, hungoja aapishwe kwanza.