Mashujaa Wanachemshwa Nyumbani Kwangu

Kwenye nyumba za watu, birika likichemka mgeni anajua chai iko njiani. Kwangu likichemka, ujue kuna shujaa anang'olewa kichwa.

Mpwa wangu anasoma chuo hapa Dar es Salaam na anaishi kwangu. Vijana wenzake wanabeti, wengine wanashinda vijiweni wakibishana Simba na Yanga. Yeye anachukua midoli ya mashujaa wa sinema za Marekani, anaifumua kiungo kwa kiungo, kisha anaiunda upya apendavyo.

Na si midoli ya mchezo mchezo. Anayoipenda ni ile iitwayo Marvel Legends, yenye urefu wa sentimita 15 hivi, iliyoanza kutoka mwaka 2002 na sasa inatengenezwa na kampuni ya Hasbro. Inakunja magoti, viwiko, hata vifundo vya miguu. Mmoja mpya huko Marekani unazidi dola 20. Ndugu zake walioko huko wanamtumia iliyotumika, lakini ikija mpya kwenye boksi lake, nayo haiponi. Mimi nimekulia nyumba ambayo sofa halikuvuliwa nailoni mpaka lilipozeeka, na rimoti mpaka leo naivalisha mfuko. Kumwona mtu anafungua kitu kizima na papo hapo kukikata mikono kunanipandisha presha.

Kazi yenyewe inakula vifaa vya nyumba nzima. Maji ya moto yanalainisha plastiki, kichwa kinachomoka kwenye kigololo chake bila kuvunja shingo, kisha kingine kinapachikwa na maji ya baridi yanakikaza. Birika likikosekana anachukua draya ya nywele ya mke wangu. Vijiti vya meno vinachongea macho na midomo. Msasa unasugua viungo kwanza, maana ukipaka rangi bila kuvipunguza, siku ya kwanza kukunja goti rangi yote inabanduka. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha inavua rangi ya zamani, ila ikizidi kidogo inayeyusha na shujaa mwenyewe. Mke wangu akitaka kwenda harusini, anaanzia chumbani kwa mpwa kutafuta vipodozi vyake.

Nikilalamika, napewa somo.

"Mjomba, hii kazi ina asili yake. G.I. Joe wa kwanza alitoka 1964, askari wa sentimita 30, unamvua na kumvalisha. Walipotoa wale wadogo mwaka 1982, waliwaunga kwa skrubu mgongoni na mpira ndani. Ukifungua skrubu tu, kiuno cha huyu unampa yule. Kiwanda chenyewe kilitukaribisha!"

"Hata redio ya marehemu babu yako ilikuwa na skrubu mgongoni," nikamjibu. "Uliifungua, na haijasoma taarifa ya habari tangu siku hiyo."

Nikamshauri aende Kariakoo, ukipekua meza za kule utapata mdoli wenye mwili wa Superman na kichwa cha Spider-Man, umeshachanganywa tangu kiwandani, kwa bei ya chipsi kavu. Akaniangalia kwa huruma. Eti ile plastiki ni kavu, inapasuka.

Sasa laiti angeishia kubadilishana vichwa. Wolverine, yule mwenye makucha ya chuma, amenyang'anywa makucha na kuwekewa noti zilizokunjwa katikati ya vidole. Shingo imepindwa upande, mdomo umechongwa wazi: konda wa Mbagala, mwili mzima. Captain America amevalishwa sare ya mgambo, na ngao yake imekuwa sinia la machungwa, limetoka kunyang'anywa kwa machinga. Thor ameachiwa nyundo yake, akaongezewa kandambili. Naambiwa yuko saiti, anasubiri hela ya saruji.

Wageni wangu siku hizi wananisalimia wakiwa wanapita. Safari yao ni kwenye kabati la midoli. Mzee mwenzangu aliyekuja kunijulia hali alikaa mbele ya yule konda akacheka mpaka chai ikapoa, hali yangu asiulize.

Yote hayo ningeyameza, kama si toleo la mwezi uliopita. Kijana aliamua kuunda "Mjomba". Unafikiri nilipewa mwili wa shujaa gani? Sikupewa shujaa. Nilipewa Kingpin, lile jambazi pandikizi la New York. Nguo zimebadilishwa kuwa singilendi na kikoi, mkononi kawekewa rimoti, na rimoti imevalishwa nailoni. Kichwa hakukigusa kabisa. Kingpin ana upara wake wa kuzaliwa, kilichohitajika ni rangi tu.

Hapo tumbo la jambazi mwenyewe lilikuwa linatosha na kubaki. Kijana akaona halijafika, akakanda epoksi, ule udongo wa kuchongea wa sehemu mbili, akaliongezea.

"Punguza hilo tumbo," nikaamuru.

"Shikamoo Mjomba," akaanza, na akianza hivyo ujue hakuna kitu. "Epoksi ikilala usiku mmoja inakuwa jiwe. Kupunguza ni kwa msasa, taratibu, na vumbi lake lazima nivae barakoa."

Nikamgeukia mke wangu anitetee. Akasema lisiguswe, fundi amepatia.

Basi wazazi wenzangu mliojaliwa vijana wa aina hii, msiwakataze. Kijana anayejua plastiki ipi inalainika na rangi ipi inashika ana ufundi mkononi, na ufundi haumtupi mtu. Mnunulieni tu birika lake peke yake, maana maji yaliyochemshia vichwa hayanyweki. Na siku akianza kukutazama kwa jicho la kukupima, vuta tumbo ndani.