Jinsi ya Kufunga Boila ya Mafuta Bila Kumsumbua Fundi

Hongera, ndugu yangu. Umenunua nyumba ya mbao Lewiston, Maine, na kule chini, kwenye chumba ambacho huku kila mtu anakiita besimenti, umekuta boila ya mafuta iliyomzidi umri mzee aliyekuuzia. Unataka kuweka mpya kabla theluji haijaanguka. Karibu chamani. Hakuna jimbo la Marekani linalotegemea mafuta kupasha nyumba joto kama hili letu, na majirani watakusihi umwite fundi mwenye leseni. Wasamehe. Hawajui kwamba wewe uliwasha jiko la mchina ukiwa darasa la tatu, bila leseni, huku umembeba mdogo wako mgongoni. Mafuta ni mafuta, moto ni moto. Fuata hatua hizi, na ukiulizwa, mimi hunijui.

Hatua ya kwanza: penda moto, puuza moshi

Huu ndio moyo wa somo zima, ushike vizuri. Boila ina mambo matatu: mafuta yanayoingia, hewa inayoingia na moshi unaotoka. La kwanza unalilipia, kwa hiyo litakunyima usingizi. Hayo mawili mengine ni ya bure, na cha bure nani anakihesabu? Marafiki wakija kuangalia kazi yako, hakuna atakayeuliza bomba la moshi limeinuka kiasi gani. Watachungulia kwenye kidirisha, waone moto unanguruma, waseme, "Kaka, wewe ni noma." Basi, umeshinda. Wakiona ncha za moto ni nyeusi zinafuka, maana yake hewa haitoshi. Waambie ndivyo modeli mpya zinavyowaka.

Hatua ya pili: chagua nozeli kwa heshima

Nozeli ni kile kidude kidogo cha shaba kinachonyunyiza mafuta. Kimechongwa maandishi, kwa mfano 0.85, 80°, B. Namba ya kwanza ni galoni zinazonyunyizwa kwa saa, pampu ikisukuma kwa shinikizo la pauni 100 kwa inchi ya mraba. Ya pili ni pembe ya mnyunyizo, na herufi inaeleza umbo lake. Aliyetengeneza boila ameandika kwenye lebo nozeli anayoitaka. Lebo ni ya watu wasiojiamini. Wewe nunua 1.25.

Boila itawaka kwa kishindo, itazima mara moja kwa kuwa maji yameshafika kikomo cha joto, itawaka tena, itazima tena, hivyo hivyo hadi alfajiri, na kila ikiwaka inaacha masizi kidogo ndani. Tangi lako la galoni 275, yaani lita kama elfu moja, litakauka kabla ya la jirani. Huo nao ni ukubwa.

Hatua ya tatu: pitisha moshi panapokupendeza

Kati ya boila na dohani kuna bomba la bati. Kuna kitabu cha kanuni kinachoitwa NFPA 31, wakaguzi wanakipenda sana. Kanuni za kazi hii zinataka bomba lipande robo inchi kwa kila futi moja kuelekea dohani, liwe fupi, lisiwe na kona nyingi, kila kiungo kikazwe kwa skrubu tatu, na bati la tabaka moja likae inchi 18 mbali na mbao. Ni wazi waandishi walikuwa na besimenti kubwa. Wewe weka kona nne. Bomba likishuka kidogo kabla ya kupanda si neno, moshi nao una haki ya kupumzika. Skrubu achana nazo, zungushia viungo seloteipu ya fedha. Inang'aa vizuri kwenye picha za kutuma WhatsApp. Gundi ikishakaushwa na joto kiungo kitaachia, lakini picha utakuwa umeshazituma.

Kwenye bomba hilo utaona kibati cha duara kinachoning'inia na kuchezacheza. Upepo wa nje ukiizidishia nguvu dohani, kibati hufunguka na kuingiza hewa ya chumba, ili mvuto ndani ya boila ubaki ule ule. Mvuto wenyewe ni mdogo mno: juu ya moto, mafundi wengi hutaka inchi 0.02 za maji, na wana kipimo chake maalumu. Wewe utakachoona ni tundu linalomeza hewa uliyoilipia joto. Lizibe kwa seloteipu iliyobaki.

Dohani yenyewe usiipande, utaanguka bure. Ukiwa chini utaona kama imezidi paa kwa futi 3, na kama imekipita kwa futi 2 kila kitu kilicho ndani ya futi 10 kutoka kwake. Au usitazame kabisa. Humo ndani wakati wa kiangazi ndege wamejenga, na sisi ni watu wakarimu.

Jambo moja linalofurahisha: boila mpya hutoa moshi uliopoa kuliko ile ya zamani, maana joto lingi linabaki kwenye maji. Ukiuingiza moshi huo kwenye dohani pana ya matofali iliyojengwa enzi za makaa ya mawe, unapoa zaidi njiani, unageuka maji yenye asidi, na maji hayo yanakula udongo kati ya matofali. Vigae vya ndani vitabanduka kimoja kimoja na kurundikana chini, mpaka siku moja vitaziba pale pale bomba lako linapoingilia. Tiba yake ni kuteremsha bomba la chuma cha pua ndani ya dohani, kwa pesa ambayo wewe ulishaipangia televisheni. Usiwe na wasiwasi, vigae havina haraka. Msimu wa kwanza utatamba.

Hatua ya nne: ziba kila tundu

Baridi inakuja. Bandika plastiki madirishani, jaza povu kwenye nyufa, kisha ijengee boila kijichumba chenye mlango unaobana, besimenti igeuke sebule ya kutazamia mpira. Boila ya BTU 100,000 kwa saa iliyofungiwa hivyo inadai matundu mawili, moja karibu na dari na jingine karibu na sakafu, kila moja inchi 10 kwa 10. Matundu yanaharibu ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Galoni moja ya mafuta inataka zaidi ya futi za ujazo 1,000 za hewa ili iungue, lakini hiyo ni shida ya galoni.

Humo humo ongeza mashine ya kukaushia nguo. Mashine inatupa hewa nje, feni ya jikoni nayo inatupa hewa nje, na nyumba uliyoiziba itatafuta pa kuvutia nyingine. Tundu pekee uliloliacha wazi ni dohani. Hewa itashukia huko, na moshi nao utarudi nayo.

Hatua ya tano: bonyeza kitufe chekundu bila kuchoka

Boila ina kijicho kinachotambua mwanga wa moto. Kisipouona kwa muda mfupi, kinazima kila kitu, na unabaki na kitufe chekundu cha kujaribu tena. Fundi atakwambia mara moja tu, kisha utafute tatizo. Wewe una mikono yenye afya. Kwenye boila za zamani kila bonyezo linanyunyiza mafuta kwa sekunde 45 hivi. Kwa nozeli ya 0.85 hiyo ni kama mililita 40, na mabonyezo kumi ni karibu nusu lita, imetulia ndani ya chumba cha moto ikingoja cheche.

Siku cheche itakapopatikana utasikia mlio mmoja mzito. Mlango wa boila utafunguka wenyewe na bomba lako la seloteipu litaachana vipande. Masizi yatapanda ngazi, yatapenya chini ya mlango, yatatua kwenye mapazia, kwenye kabati la vyombo, kwenye vitenge vya shemeji vilivyofika juzi kutoka Goma. Utando wa buibui ambao hukujua upo utaonekana kila pembe ya dari, mweusi, kama umechorwa kwa wino. Kampuni ya bima itakuja haraka, na swali lake la kwanza litakuwa nani aliyefunga boila.

Hatua ya sita: tangi halina mambo

Mafuta ya kupashia joto yametiwa rangi nyekundu ili yasiingie kwenye magari bila kulipiwa kodi. Ukiitoa hiyo rangi, ni ndugu wa dizeli, na wengi tumemwaga dumu la dizeli usiku wa Januari tukisubiri lori. Petroli usitie. Hata mimi nina mipaka.

Ukiling'oa tangi kuukuu, acha bomba la kujazia limechungulia nje ukutani. Dereva wa lori husikiliza mluzi: mafuta yakiingia, hewa hutokea bomba la pili ikipiga filimbi, na filimbi ikinyamaza tangi limejaa. Dereva makini asiposikia mluzi husimama pale pale. Omba upate mwenye haraka, aliyekosea namba ya nyumba, na sakafu ya besimenti itapokea yote.

Hatua ya saba: nyamazisha kengele

Kaboni monoksidi, gesi iliyomo kwenye moshi uliorudi ndani, haina rangi wala harufu. Kichwa kitawauma wote kwa pamoja, wewe, mkeo, watoto, mama mkwe, na kichefuchefu juu yake. Mkitoka nje mnapata nafuu, mkirudi ndani kinaanza upya. Semeni ni mafua. Semeni ni zamu mbili za kiwandani. Mama mkwe atasema ni malaria, na ukimweleza kwamba Maine hakuna malaria, atasema basi umeileta wewe. Ile kengele nyeupe ukutani ikianza kulia, itoe betri, watoto wana shule kesho.

Kule Massachusetts mwaka 2005 walitunga sheria ya kulazimisha kengele hizo majumbani, baada ya mtoto wa miaka 7 kufa, theluji ikiwa imeziba bomba la moshi la nyumba yao. Hapo sina utani.

Hatua ya mwisho: mpokee fundi

Mwishowe atakuja, maana mkeo atampigia wakati uko kazini. Atatoboa kitundu kidogo kwenye bomba lako, aingize mrija wa kipampu cha mkono, avute mara kumi, kisha achomoe kikaratasi cheupe chenye doa. Doa hilo analilinganisha na kadi yenye madoa kuanzia 0 hadi 9, kutoka weupe mtupu hadi weusi tii. Yeye anatafuta 0. Lako atalipeleka karibu na taa, atalitazama, atalitazama tena, kisha ataomba kuona upande wa pili wa kadi.

Usitetereke. Simama naye, tikisa kichwa kwa masikitiko, umwambie nyumba uliikuta hivyo, wazee wa zamani walikuwa hawajali kabisa. Atakubali. Halafu ataipapasa seloteipu inayong'aa na kukuuliza kama nayo uliikuta.

Mkaribishe chai.