Gumba la Shemeji

Mpwa wangu alirudi kutoka Marekani na zawadi ya babake, shemeji yangu: tufe la bolingi la ratili 16, zito kuliko yote yanayoruhusiwa mchezoni. Ni kilo saba na zaidi. Tulivuka nalo Busia kwa zamu, mkono wangu ukirefuka kila hatua. Maafisa wa Kenya na wa Uganda hukaa jengo moja pale mpakani, kwa hiyo lilishangaliwa na nchi mbili bila kusogea mezani.

"La nini hili?"

"La kuangusha chupa, afande."

"Na chupa ziko wapi?"

"Tororo."

Shemeji alikuwa boda boda enzi za baiskeli, akipakia watu kutoka geti hadi geti. Hajui kwenda taratibu. Hata chai huinywa kama anayedaiwa. Mpwa wangu aliliwazia hilo mapema. Njia ya bolingi hupakwa mafuta, akasema, na tufe linalong'aa likirushwa kwa kasi huteleza tu hadi mwisho bila kupata nafasi ya kushika mbao na kukata kona. Dawa yake ni kulisugua kwa msasa.

Nikajitolea. Nusu saa baadaye tufe lilifanana na kichwa kilichonyolewa kwa wembe butu.

Tulipanga chupa kumi za plastiki zilizojaa mchanga kwenye uwanja wa saruji, mita tisa kutoka mstarini, kama nusu ya umbali rasmi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba saruji haina mafuta. Nikaingia jikoni kwa dada, nikatoka na kibuyu cha mafuta ya kula, nikamwaga yote. Nakiri, wazo hilo lilikuwa langu peke yangu.

Shemeji akatumbukiza vidole, akakaza gumba, akatoka mbio kama aliyeona abiria upande wa pili wa barabara. Akarusha. Tufe likaenda. Shemeji naye akaenda, maana gumba lilikuwa bado ndani. Waliteleza pamoja kwa tumbo na kuangusha chupa tisa. Mpwa wangu akakataa kuzihesabu: mchezaji akivuka mstari anapata sifuri.

Tulimkuta amelala, akiutazama Mwamba wa Tororo, tufe limemkaa mkononi kama ndoo. Mafuta ambayo yangemwokoa yalikuwa yote sakafuni. Dada alimtoa kwa kipande cha sabuni, kimya kimya, kisha akaniuliza mimi, si mumewe, kitoweo cha jioni kitakaangwa kwa mafuta yapi.

Matundu ya tufe hutobolewa kwa kipimo cha vidole vya mwenyewe. Haya yalikuwa ya mpwa wangu, kijana wa kushika kalamu. Basi kama una ndugu ughaibuni anayepanga kukuletea tufe, msasa acha kwanza. Mtumie upana wa gumba lako.