Tumehesabiwa Mpaka Basi

Serikali yetu ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 1984, nchi ikiitwa Zaire. Tangu hapo mji wetu wa Baraka haujakosa wa kuuhesabu. Vijana wa mashirika hushuka kwenye pikipiki, kompyuta kibao mkononi, fulana zimepigwa pasi: "Mama, kaya yenu ina watu wangapi? Mnachota maji wapi?"

Maji! Mama anaonyesha kwa kidole. Ziwa Tanganyika liko pale pale, zaidi ya mita 1,400 kwenda chini, la pili duniani kwa kina, na miaka hii limeanza kujileta lenyewe hadi uani. Kijana anabonyeza: "Chanzo: ziwa." Kisha anainua kibao juu ya kichwa, anasubiri satelaiti zimhakikishie kwamba mama yuko kwake.

Mimi sina ugomvi na data. Kipindupindu hakikamatwi bila kujua mgonjwa katoka mtaa upi na kachota wapi. Daktari John Snow alifanya hivyo London mwaka 1854, nyumba kwa nyumba, kwa kalamu tu. Alipotoa hesabu yake, kesho yake mpini wa pampu waliyochotea wagonjwa uling'olewa. Pampu ya mtaani kwetu, hata ukiuacha mpini, maji hayatoki.

"Na majibu yetu ya mwaka jana, mwanangu?"

"Yako kwenye seva, mama."

"Hiyo Seva iko upande wa Uvira ao wa Fizi? Nitume mtoto na kidumu."