Sifa za Betri Iliyovimba

Wamatengo husifiwa kwa ngoro, yale mashimo yao ya mlimani yanayoikamata mvua isiondoke na udongo. Mbinga husifiwa kwa kahawa, Mbamba Bay kwa samaki wake, mbasa. Mimi leo nasimama kumsifu asiye na wa kumsifu: betri ya ndani ya kamera ya gari langu, mheshimiwa wa volti 3.7, mwembamba kama biskuti siku aliponunuliwa, mnene kama andazi siku alipong'olewa.

Msimcheke kwa unene. Ndugu zake wa kwenye simu hulala mfukoni. Yeye alibandikwa kwenye kioo cha mbele, uso kwa uso na jua. Asubuhi tunaondoka Mbinga na sweta. Mchana nimeegesha ufukweni Mbamba Bay, vioo vimefungwa, ndani mnaiva. Lithiamu haipendi joto: dawa zilizomo huchakaa, hutoa gesi, na gesi haina pa kutokea. Wengine huvimba kwa cheo; yeye alivimba kwa kazi.

Na kazi zenyewe zilikuwa mbili tu: kutunza saa gari likizimwa, na kuipa kamera sekunde chache za kuhifadhi video ya mwisho. Alipochoka aliziacha zote kwa mpigo, na hapo ndipo baraka zilipoanza.

Baraka ya kwanza ni ujana. Kila nilipowasha gari, kamera ilirudi 1 Januari 2018, saa sita kamili usiku. Nilitoka Mbinga mwaka mpya, nikanunua dagaa ziwani, nikawasha gari kurudi, mwaka mpya tena. Kwa hesabu ya kamera sikuzeeka hata wiki moja, na deni langu la dukani lilikuwa bado halijakopwa.

Baraka ya pili ni amani. Siku moja, karibu na soko la Mbamba Bay, bodaboda ilinikwangua mlango. Kijana akasema mimi ndiye niliyemfuata. Nikasema yeye ndiye aliyenifuata. Watu wakajaa. Nikatangaza kwa sauti ya wakili kwamba ninayo kamera, nikazima gari, nikachomoa kadi, tukaitia kwenye simu ya mtu. Video ya ajali haikuwapo. Iliyokuwapo ilionyesha mbuzi akivuka barabara, 1 Januari 2018.

"Mzee," kijana akasema, "mwaka huo mimi nilikuwa darasa la sita."

Umati ukaangua kicheko, naye akacheka, nami nikakosa wa kugombana naye. Nilirudi nyumbani na mkwaruzo mmoja na mbasa mmoja wa suluhu. Betri nzima ingetupeleka kituoni.

Mnaobisha, tazameni Liuli, ufukwe huohuo. Mwaka 1914 Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake, Berndt, na Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen walikuwa marafiki wa glasi moja. Mwezi Agosti Rhoades akatokea, akapiga mzinga. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia Berndt. Inasimuliwa kwamba alipanda mashua ndogo akamfuata rafiki yake kumuuliza kama amelewa. Akafanywa mateka. Mwenye tarehe sahihi ndiye aliyefyatua. Mwenye tarehe ya zamani alikuwa bado ana rafiki.

Pamoja na ushahidi wote huo, nilimsaliti mheshimiwa wangu. Nilimpeleka kwa fundi simu mjini Mbinga.

"Shikamoo mzee. Hii ukiitoboa inawaka," fundi akasema, akamng'oa taratibu kwa kijiti cha plastiki. Akajaribu betri ya kiswaswadu: volti zilezile, lakini haikuingia. Akapata ndogo, akachomea waya nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kisha akanishauri kwamba safari nyingine ninunue kamera ya kapasita, maana hiyo huvumilia jua.

Tangu siku hiyo kamera inajua kila kitu. Inajua kwamba jana, saa nne na dakika sita asubuhi, nilikipita kibao cha 50 bila kupunguza mwendo. Tochi ya trafiki hukaa kwenye kona moja, ukiivuka umepona. Hii ninayo kiooni, inashuka nami milima yote hadi ziwani. Siku hizi naendesha kama bwana harusi. Nimezeeka ghafla, na mwenye duka ananikumbuka.

Mheshimiwa amelala kwenye kopo la mchanga, mbali na moto, kama fundi alivyoagiza. Anayemuenzi ni mmoja tu. Yule kijana wa bodaboda, kila tunapopishana pale sokoni, hata iwe Agosti, hupiga honi na kupaza sauti: "Mzee, heri ya mwaka mpya!"