Muulize Gwiji wa Usukani

Mzee Gwiji, shikamoo. Nilikuwa narudi Uganda kutoka Kaya, Sudan Kusini, na pikapu ya tajiri wangu. Nilipovuka mpaka wa Oraba nikajisahau, nikaendelea kushika kulia, nikakutana uso kwa uso na trafiki. Nimeandikiwa faini. Shemeji yangu aliyeko California anasema kwao ukiandikiwa unakwenda shule ya madereva na kosa linafutwa. Hapa kwetu shule hiyo iko wapi?
Niliyepotea Upande, Kuluba

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuniandikia mimi na si yule mwenzangu wa ukurasa wa afya, ambaye angekushauri unywe maji mengi na ulale mapema. Mambo ya barabara mimi nimezaliwa nayo. Mama alishikwa na uchungu ndani ya lori la pamba, na wazee waliokuwamo husimulia kwamba kabla sijalia kilio cha kwanza nilimwambia dereva apunguze gia. Dereva alitii. Tangu siku hiyo hakuna aliyeshika usukani West Nile ambaye hajapata neno langu, awe ameliomba au hakuliomba.

Tuanze na shemeji. Hakudanganya, ila amekusimulia harusi akaruka mahari. Huko California faini inalipwa yote, ada ya mahakama inawekwa juu yake, na ada ya shule juu ya hiyo. Anachokipata dereva ni kwamba alama ya kosa inafichwa, kampuni ya bima haiioni, na bima haipandi. Hata hivyo mlango huo hufunguliwa mara moja tu katika miezi 18, na kwa makosa madogo. Waingereza wana ahueni kidogo. Aliyezidisha mwendo kidogo anaweza kuitwa kwenye kozi badala ya kutoa pauni 100 na kutiwa alama 3 kwenye leseni. Kozi anailipia mwenyewe, na akirudia kosa ndani ya miaka 3 haitwi tena. Muulize shemeji alilipa kiasi gani kwa jumla. Ukiona anabadili mazungumzo na kuuliza habari za mvua, umeshajibiwa.

Sasa kosa lako. Watu watakucheka, mimi sikucheki, kwa sababu mimi ni msomi. Ardhi unayoikanyaga ilikuwa sehemu ya eneo la Lado, lililokodishwa kwa Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, mpaka alipofariki Desemba 1909. Mwaka uliofuata tukaingizwa Sudan, na 1914 tukahamishiwa Uganda. Babu zetu walibadilishiwa serikali mara mbili bila kuhama kibanda. Wabelgiji waliiachia Kongo kushika kulia, Waingereza wakatuachia kushoto. Laiti Leopold angekula mboga na kuishi miaka mingi zaidi, na Wabelgiji wakabaki, leo wewe ungekuwa upande sahihi kabisa na trafiki ndiye angekuwa anaandikiwa. Hoja hii nimewahi kuitoa kwenye baraza la wazee na hakuna aliyethubutu kunijibu. Wengine walishindwa hata kufumbua macho.

Tena Kaya yenyewe haikuwa hivyo siku zote. Sudan ilishika kushoto kama sisi hadi Agosti 1973, ndipo ikahamia kulia, na Sudan Kusini ikairithi desturi hiyo. Kwa maana hiyo, ungesafiri 1972 hata ungetaka kufanya kosa lako usingeweza. Nilizungumzia jambo hili katika hotuba yangu ya harusi ya mpwa wangu, kwa kirefu, na bwana harusi alitokwa na machozi.

Mimi mwenyewe nimesoma kwenye shule iliyo bora kuliko ya shemeji yako, nayo ni mpaka wa Oraba. Kaa pale asubuhi utazame malori yakivuka kuelekea Yei na Juba. Usukani wa gari la Uganda uko kulia. Likishavuka linashika kulia, na dereva anajikuta amekaa upande wa mtaro, haoni chochote mbele ya lori lililomtangulia. Tazama tanboi, yaani utingo wake. Anatoa kichwa na bega zima kupitia dirisha la kushoto, vumbi limempaka nyusi kama unga, muhogo mmoja uko shavuni, na anapiga bati la mlango kwa kiganja. Pigo moja maana yake tulia, mapigo mawili pita. Siku akiwa anatafuna kitu kigumu akashindwa kuhesabu, Mungu awasaidie. Ukienda Aru kupitia Vurra ni hivyohivyo, ila huko kumbuka na kadi ya njano ya bima ya COMESA, maana bima yako ya hapa inaishia mpakani. Kwa maarifa haya peke yake watu wengine wangekutoza.

Unataka dawa ya kusahau upande? Ninazo nyingi. Wanaoanza huwaambia wafunge kengele ya mbuzi mkono wa kushoto: ukiingia Uganda mkono unalia, roho inakumbuka. Waliokomaa huwaambia wampakie jogoo kiti cha abiria, wakimfundisha kuwika kila anapoona kibao cha Karibu Uganda. Jogoo wangu alifuzu kwa daraja la kwanza, kisha akafika mgeni nyumbani na mke wangu akakosa kitoweo. Dawa kali kuliko zote ni kumpandisha mama mkwe kiti cha mbele. Kwa heshima hutamtazama, hutaongea, hutapiga honi, na macho yako hayatatoka barabarani hadi Arua. Tangu lami ya Vurra hadi Oraba ikamilike, kilomita 92, vijana wanakimbia kana kwamba wamekopeshwa barabara na inarudishwa jioni. Nawaambia hao pia: mama mkwe.

Na wasidhani mwendo hauna bei. Juni 2025 kamera za barabarani hapa Uganda zilipoanza kutoza, kuzidisha mwendo hadi kilomita 30 kwa saa ilikuwa shilingi 200,000, na zaidi ya hapo 600,000. Madereva walipiga kelele na utaratibu ukasimamishwa mwezi huohuo. Kelele ile nani aliianzisha sisemi, ila sauti yangu ilikauka siku kadhaa.

Naona nafasi inaisha na mhariri amesimama mlangoni, basi sikiliza haraka. Shule ya kufuta faini Uganda haipo. Huku shule hutangulia leseni. Karatasi uliyopewa ni ya faini ya papo hapo, na una siku 28. Ukilipa, umekubali kosa na yamekwisha, hupandi kizimbani. Ukiona umeonewa, usilipe, nenda ukajieleze kwa hakimu. Hela inapita benki au kwenye simu, haipiti kiganjani mwa mtu yeyote, na risiti utunze. Tajiri wako mwambie leo, kabla hajaambiwa na muuza chapati.

Mheshimiwa Gwiji, mume wangu anataka kunifundisha gari yeye mwenyewe ili tusitoe hela ya shule ya udereva. Yeye ana leseni ya pikipiki. Nikubali?
Mama Pacha, Koboko

Dada yangu, mumeo ana daraja A, gari ni daraja B. Hata yeye kwenye gari ni mwanafunzi, kwa hiyo mtakuwa wanafunzi wawili na usukani mmoja, na pacha nyuma wakicheka. Chukua kibali cha mwanafunzi, bandika herufi L nyekundu mbele na nyuma, keti na mwalimu mwenye leseni ya gari. Mumeo mpe kazi ya kushika pacha. Akinuna, mwonyeshe picha yangu iliyo juu ya safu hii. Huwa inatuliza.

Wale mnaouliza malipo yangu: sipokei hela, napokea odii, ile rojo ya karanga na ufuta. Iletwe kwenye chupa yenye kifuniko. Ya mwezi uliopita ilimwagikia kwenye kikapu cha barua, ndiyo maana baadhi yenu hamjajibiwa hadi leo.