Muulize Shangazi: Kitabu cha Mwaka Hakijaanza, Ugomvi Tayari

*Shikamoo Shangazi. Nimepewa uhariri mkuu wa kitabu cha mwaka cha shule yetu hapa Scarborough. Nina watu 11: kumi wanataka kupiga picha, mmoja anajiita mkurugenzi wa ubunifu. Shule inafunguliwa Jumanne, kesho yake baada ya Labour Day. Nifanyeje?* — Mhariri Asiye na Waandishi

Marahaba mwanangu. Huyo mkurugenzi mkabidhi orodha ya wanafunzi wote. Apite kwa mmoja mmoja akiuliza jina lake linaandikwaje, maana kompyuta za shule hula king'ong'o cha Ng'ang'a na alama za Nguyễn bila haya. Kisha kila picha ikiingia, aandike ukurasa mbele ya jina. Asipofanya hivyo, Mei mtagundua golikipa katokea mara 14 na yule binti wa maktaba hayumo kabisa. Aliyetokea mara tatu, kamera impite. Asiyetokea, afuatwe hadi kituo cha basi.

Wale kumi wape kalamu na daftari. Picha isiyo na majina usiipokee, hata iwe nzuri vipi. Wapige za nje mapema. Desemba Toronto jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na wanafunzi wanageuka makoti meusi yenye miguu. Simu nazo msizitegemee sana: tangu Septemba 2024, Ontario inataka zifichwe wakati wa kipindi mpaka mwalimu aruhusu. Azimeni kamera ya shule.

*Shangazi, binti yangu anasema wiki ya mwisho ya Agosti ana mafunzo ya kitabu cha mwaka. Mimi nimesoma Tanga, likizo ilikuwa likizo. Kuna mvulana?* — Mama Macho Makavu, Etobicoke

Mvulana yupo, mama. Shule ni ya mchanganyiko. Mafunzo nayo ni ya kweli. Wiki hiyo ndipo wanapogawana kurasa, na mtambo mara nyingi huchapa kurasa 16 kwenye karatasi kubwa moja inayokunjwa. Anayeomba ukurasa mmoja zaidi mwezi Machi anadai karatasi nzima, na fedha yake itoke wapi? Mfungie chapati aende. Akirudi muulize kurasa za Idi kapewa nani. Majibu yakichelewa, hapo ndipo uulizie mvulana.

*Shangazi, wanafunzi wanajiunga na timu ya kitabu cha mwaka ili tu wapate zile saa 40 za kujitolea. Niwatimue?* — Mwalimu Mgeni, North York

Utabaki na nani, mwalimu? Bila saa hizo hawahitimu sekondari Ontario. Mkuu wa shule akiidhinisha kazi hiyo, wewe tia sahihi kurasa zikishafika mezani, si kabla. Anayefuata saa hufika mapema na kuuliza kazi. Mwenye kipaji utampigia simu, na mama yake atasema bado amelala.